Meza Isiyo na Ngano: Kuchagua Badala Iliyo Salama Jikoni Mwetu

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetuoteshea ardhini nafaka za kila rangi na kila ladha; na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika darsa za akina mama hatukuzoea kuulizwa habari za unga. Twaulizwa tohara, eda, mirathi, na haki za mume na mke. Lakini mwaka huu swali la unga limetujia zaidi ya mara moja, na mara ya mwisho lililetwa na mama aliyengoja hadi wenzake wakatoka. "Sheikh," alisema, "mwanangu kakatazwa ngano maisha yake yote. Akiamka asubuhi aniuliza atakula nini, nami sina la kumjibu. Na majirani waniambia namdekeza." Mtoto mwenyewe ana miaka saba. Kabla ya maradhi yake kujulikana alikuwa amenyweshwa makombe na mitishamba kwa karibu miaka miwili, tumbo limejaa kama ngoma, miguu imekonda, na kila mtu akisema ni kijicho.

Tumeona ni wajibu kulijibu swali hili kwa urefu, kwani nyumba yenye mtihani huo haiko moja, na wengi wa wenye maradhi haya hawajui kuwa wanayo.

Itazameni siku ya kawaida katika nyumba ya mwambao. Asubuhi ni mahamri kwa mbaazi, au mkate wa boflo kwa chai. Adhuhuri ni wali, alhamdulillahi. Alasiri ni kaimati au keki, na usiku ni chapati. Ukiingia mwezi wa Ramadhani huongezeka sambusa, tambi na mkate wa mayai. Ngano hiyo hailimwi kwetu. Kidogo hutoka Narok, Nakuru na Uasin Gishu, na sehemu kubwa ya inayoliwa Kenya huingia kwa meli katika bandari yetu ya Mombasa. Ni mgeni aliyekaribishwa sebuleni, akakaa hata tukasahau kuwa nyumba ilikuwa na wenyewe.

Maradhi tunayoyazungumzia huitwa seliaki. Ndani ya ngano, shayiri, na nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai, mna protini ijulikanayo kama gluteni. Ndiyo inayoufanya unga uliokandwa uvutike bila kukatika. Kwa mtu mwenye seliaki, gluteni ikiingia tumboni, kinga ya mwili hugeuka ikaushambulia utumbo wa mwenyewe. Utumbo mwembamba umetandwa kwa ndani na vinyweleo vidogo mno vinavyofyonza chakula. Vinyweleo hivyo hupukutika, na chakula kikapita kama maji juu ya jiwe. Mtoto hula akashiba, lakini mwili wake wakaa na njaa. Huharisha au hufunga choo, hujaa gesi, hudumaa, hupungukiwa na damu. Kwa mtu mzima huenda dalili ikawa ni uchovu na upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma, au mifupa kuwa dhaifu. Kwa mwanamke asiyetibiwa, huweza kuwa sababu ya mimba kuharibika au kuchelewa. Ulimwenguni wanaokisiwa kuwa nayo ni karibu mtu 1 katika kila 100. Dawa ya kumeza hakuna. Tiba ni kuacha gluteni kabisa, kwa umri mzima, na utumbo hupona taratibu kwa idhini ya Mola.

Haya hayakujulikana zamani. Tabibu wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa ameanza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa vita, Uholanzi ilishikwa na njaa na mkate ukakosekana. Watoto wake wagonjwa, waliokuwa wakidhoofika wakati watu wanakula mikate, walipata nafuu katika njaa hiyo. Mkate uliporudi, nao wakarudi kuugua. Mwaka 1950 aliyaandika hayo katika tasnifu yake. Na asidhani mtu kuwa ni maradhi ya Wazungu peke yao. Ndugu zetu Waislamu wa Saharawi, ambao asili yao ni watu wa maziwa ya ngamia na tende, walikuja kuishi makambini huko Tindouf, Algeria, na unga wa ngano ukawa ndio chakula chao. Watoto wao walipopimwa katika miaka ya 1990, zaidi ya 5 katika kila 100 walikutwa na seliaki, kiasi ambacho ni nadra kuonekana mahali pengine popote duniani.

Jambo moja twaliweka mbele ya mapishi yote, nalo ni hili: msimwachishe mtoto ngano kwa kudhania. Kipimo cha kwanza ni cha damu, na mara nyingi hufuatwa na kuchukuliwa kijinyama kidogo cha utumbo. Vipimo vyote viwili huonyesha ukweli pale tu mtu anapokuwa bado anakula ngano. Akiiacha miezi kadhaa kisha akaenda kupimwa, kipimo huweza kusema hana kitu, na familia ikabaki gizani. Aidha, maradhi haya hufuata damu. Akithibitika mmoja, wazazi na ndugu zake wa tumbo moja wapimwe pia, hata wasipohisi lolote, kwani karibu mmoja katika kila kumi wao huwa nayo.

Sasa tuingie jikoni.

Mama anayeambiwa aache ngano hukimbilia kuuliza ni unga gani utakaokaa mahali pake. Twaona swali hilo lina upungufu, kwa sababu hakuna unga mmoja unaofanya kazi zote za ngano. Aulize kwanza: katika chakula hiki, ngano ilikuwa ikifanya kazi gani? Katika mchuzi huufanya uwe mzito tu. Katika viazi karai ni vazi. Katika chapati huvutika, katika sambusa hufunika, na katika mahamri na boflo hushika hewa ya hamira ili donge liumuke. Kazi ya kufanya mchuzi uwe mzito yaweza kufanywa na unga wowote. Kazi ya kushika hewa ndiyo ngumu kuliko zote, na hapo ndipo watu hupoteza fedha zao.

Tuanze na yaliyo mepesi. Mchuzi na supu huwa mzito kwa wanga wa mahindi au unga wa muhogo, uliokorogwa kwanza katika maji baridi. Viazi karai huvaa vizuri sana unga wa dengu uliochanganywa na unga kidogo wa mchele. Mchele ndio unaoleta ule ukavu unaolia mdomoni. Bajia za dengu asili yake hazina ngano. Tambi za ngano zina ndugu zao za mchele, nazo zapikika kwa nazi, sukari na iliki kama zile nyingine, ila zahitaji maji machache na mkono mwepesi, zisije zikawa uji. Bokoboko hupondwa kwa mchele na nyama badala ya ngano, na wapo wanaolipenda zaidi hivyo. Mkate wa mayai nao, amini usiamini, hauihitaji ngano hata kidogo: kinachouinua na kuushika ni mayai yaliyopigwa hadi yakawa povu jeupe. Tia unga laini wa mchele na wanga kidogo wa mahindi pahali pa unga wa ngano, na watoto wa jirani hawatajua tofauti.

Chapati yahitaji maelezo. Unga wa mchele ukikandwa kwa maji baridi hupasuka, kwa kuwa hauna kinachovutika. Siri yake ni maji yanayochemka. Chemsha kikombe kimoja cha maji, chumvi kiasi na kijiko cha samli au mafuta. Yakitokota, mimina kikombe kimoja cha unga wa mchele uliosagwa laini, koroga kwa mwiko, funika na uondoe motoni. Uache dakika kumi. Kisha ukande ungali moto kadiri mkono unavyoweza kustahimili, mpaka uwe laini kama sikio. Fanya madonge madogo, sukuma kila moja baina ya karatasi mbili za plastiki zilizopakwa mafuta, na uoke juu ya chuma kikavu, ukigeuza. Maji ya moto huuivisha wanga wa mchele ukanata, na kunata huko ndiko kunakoshika nafasi ya gluteni. Waislamu wa pwani ya Malabar huko India huiita pathiri, na wameila kwa mchuzi wa nyama vizazi kwa vizazi. Kwao si chakula cha mgonjwa bali ni cha wageni. Iliwe ingali moto, kwani ikipoa hukauka.

Ama mahamri na boflo, hapa twasema wazi: badala iliyo sawa nayo haipo. Wapo wanaochanganya unga wa mchele, wanga wa muhogo na maganda ya isabgoli, yale yanayouzwa katika maduka ya viungo na ya dawa kwa ajili ya kulainisha tumbo. Isabgoli ikilowa hutoa utelezi unaoshika unga, na mkate wa namna hiyo huumuka kiasi na hukatika vipande. Ajaribuye ajaribu. Lakini mtoto anayepewa hamri bandia kila asubuhi atakumbuka kila asubuhi kile alichokikosa. Ni bora apewe kitu ambacho ni chenyewe.

Na vitu hivyo tunavyo. Vitumbua ni vya mchele. Chila, wengine huziita vibibi, ni za mchele. Mkate wa kumimina, ule wa mchele, tui, hamira na iliki, haukujua ngano tangu ulipobuniwa, na hata hivyo huumuka ukawa na matundu kama sega la nyuki. Mbaazi za nazi zaliwa kwa vitumbua visivyotiwa sukari nyingi, au kwa muhogo wa kuchemsha, na hazipungukiwi na kitu. Mkate wa mofa asili yake ni mtama, na walioula kwa papa au kwa mchuzi wa samaki wangali hai kuusimulia, japokuwa siku hizi wapo wanaouchanganya na ngano, basi muulize aliyeupika. Kisha kuna ugali wa mahindi, wa mtama na wa muhogo. Kuna uji wa wimbi na wa mawele. Kuna viazi vitamu, ndizi za kupika, na shelisheli la kuchoma, tunda ambalo twaliacha likaoza chini ya mti huku tukipanga foleni kununua mkate. Yule mama tulimuuliza mamake mzazi alikulia chakula gani cha asubuhi. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka: "Muhogo, Sheikh, na vitumbua siku ya Ijumaa."

Mchele wenyewe ndio msingi, lakini usiwe ndio kila kitu. Mchele mweupe hauna madini ya chuma ya kutosha wala nyuzinyuzi, na mtoto wa seliaki mara nyingi tayari ana upungufu wa damu. Wimbi una chuma, na una kalisi nyingi kuliko nafaka nyingine tunazozila. Mtama nao una chuma na hukaa tumboni. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya yataka unga wa ngano na wa mahindi unaofungwa viwandani utiwe madini na vitamini, ikiwemo chuma na foliki. Anayeacha unga wa ngano amepoteza fungu hilo. Kwa hiyo unga wa mahindi wa pakiti wenye alama ya kurutubishwa unamfaa, ilhali ule wa kusagwa mtaani haukutiwa kitu. Na mahindi ya kununua kwa gunia yatazamwe sana yasiwe na ukungu. Mwaka 2004, sumu ya ukungu wa mahindi iliua watu 125 katika Ukambani, Makueni na Kitui na kando yake. Sumu hiyo haitoki kwa kuosha wala kwa kupika. Unga wa muhogo nao ununuliwe kwa mtu anayejulikana kuutayarisha, kwani muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vyema una sumu yake.

Hata hivyo, kuchagua nafaka ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kuilinda isiguswe na ngano, na hapo ndipo tumeona familia zikihangaika mwaka mzima bila ya mtoto kupona. Kipimo kinachotumika kimataifa ni kuwa chakula hakiitwi kisicho na gluteni mpaka iwe chini ya miligramu 20 katika kilo nzima. Hicho ni kiasi kisichoonekana kwa jicho. Chembe zinazobaki juu ya kibao cha chapati zatosha kudhuru.

Mfikirieni mwenye mashine ya kusaga ya mtaani. Asubuhi asaga mahindi ya huyu, saa nne asaga ngano ya yule, kisha mama wa mtoto mgonjwa analeta mtama wake safi alioupepeta kwa ungo, na mtama ule wapita katika jiwe lenye vumbi la ngano. Ameingia na halali yake, katoka na sumu ya mwanawe, wala hakuna aliyemkosea. Aulize: je, mashine hii yasaga ngano? Ikiwa ndiyo, atafute nyingine, au akina mama watano wakubaliane na mwenye mashine moja isiingizwe ngano kabisa. Au arudi kwa njia ya zamani: kulowesha mchele usiku na kuusaga nyumbani, kwa kinu au kwa mashine ndogo ya jikoni. Vitumbua na mkate wa kumimina hupikwa hivyo hivyo, na ndiyo sababu nyingine tunavipendelea. Mchele huchaguliwa punje kwa punje, na punje ya ngano ikiwemo yaonekana ikatolewa. Unga ukishasagwa hauchaguliki.

Mafuta nayo yana hukumu yake. Bajia safi ya dengu ikikaangwa katika karai iliyotoka kukaanga mahamri na sambusa imeshaharibika. Basi mtoto awe na karai yake, mwiko wake wa mti, chujio lake na chuma chake cha chapati, kwa kuwa mti na chuma kikuukuu hushika vumbi katika vinyufa. Masufuria na sahani za kuoshwa vizuri hazina neno. Unga wa ngano ukichungwa jikoni huruka na kutua. Kwa hiyo chakula cha mtoto kipikwe kwanza na kufunikwa. Kwa wauzaji wa barabarani, hatusemi wana nia mbaya, bali tu kwamba wapo wanaotia kijiko cha ngano katika vitumbua ili vishikane, na wapo wanaochanganya ngano katika unga wa dengu kwa kuwa ni rahisi. Uliza, na ukitiliwa shaka jibu, pita.

Kisha kuna ngano iliyojificha. Kababu nyingi za kwetu hushikwa kwa mkate uliolowekwa. Tumia kiazi kilichopondwa na yai. Katlesi huviringishwa katika chenga za mkate. Yai peke yake latosha. Soya sosi inayotiwa katika mishkaki na kuku wa kukaanga kwa kawaida hutengenezwa kwa ngano. Soseji, supu za pakiti na vidonge vya kutia ladha zisomwe maandishi yake. Hingi ya unga, ile ya kutia katika dengu, mara nyingi huchanganywa na ngano. Suji ni ngano, ingawa jina lake halisemi. Haluwa hupikwa kwa wanga, basi muulize fundi ni wanga wa nini. Vile vinywaji vya kimea visivyo na pombe, ambavyo twavifurahia kwa uhalali wake, ni vya shayiri. Ni halali kwa wote ila havimfai huyu. Oti zenyewe si ngano, lakini nyingi husagwa na kufungwa pahali pamoja nayo, hivyo ziachwe mpaka daktari aruhusu zile zilizothibitishwa kuwa safi. Kwenye pakiti, ambazo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, fundisheni watoto kuyatambua maneno manne: wheat, barley, rye na malt. Mtoto wa miaka saba anayesoma juzuu yake hashindwi na maneno manne.

Bidhaa za kutoka ng'ambo zenye alama ya kutokuwa na gluteni ziko katika maduka makubwa ya Mombasa na Nairobi. Zafaa kwa safari au sikukuu. Lakini bei yake ni mara kadhaa ya unga wa kawaida, na nyingi ni wanga mtupu, sukari na mafuta. Atakayeziweza na azinunue. Asiyeziweza asijione amemnyima mwanawe kitu.

Sasa tugeukie yale ambayo akina mama walituuliza sisi hasa. Je, kuacha ngano ni kujiharamishia alichohalalisha Mwenyezi Mungu? La. Ngano ni halali na itabaki halali. Mgonjwa ameiacha kwa dhara, si kwa itikadi. Kuondoa dhara ni msingi ambao wanazuoni wa madhehebu yote wamejengea juu yake, na tabibu mjuzi akithibitisha kuwa chakula fulani chamdhuru mtu, haimfalii kukila, wala haimfalii mwingine kumlisha. Twayasema haya kwa uzito kwa sababu kuna nyanya na mashangazi, Mungu awarehemu kwa mapenzi yao, wanaompa mtoto kipande cha chapati kwa siri na kumwambia apige bismillahi. Bismillahi ni baraka, lakini hatukuamrishwa kuisoma juu ya kinachotudhuru tukakila.

Swali la talbina ni zito zaidi, kwa kuwa uji huo wa shayiri umesifiwa katika hadithi aliyoipokea bibi Aisha (RA), kuwa humpumzisha mgonjwa na kumpunguzia mwenye huzuni. Tumeulizwa: vipi kilichosifiwa na Mtume (SAW) kiwe dhara? Jibu letu ni kuwa sifa ya chakula haimlazimu kila mtu kukila, kama asali isivyomlazimu mwenye kisukari. Mtume mwenyewe (SAW) aliletewa nyama ya kenge wa jangwani, akaiacha kwa kuwa haikuwa katika vyakula vya nchi ya watu wake, wala hakuwakataza wengine, nao wakala mbele yake. Ikiwa kuacha kwa kutozoea kuna nafasi, kuacha kwa ugonjwa kuna nafasi kubwa zaidi. Mpikieni mtoto uji mwepesi wa mtama au wa wimbi kwa maziwa na asali, na mumwombee shifaa.

Ugeni pia una adabu zake. Mwenye kualikwa na amwambie mwenyeji mapema, kabla sufuria haijapanda motoni, si mbele ya sinia. Na mwenyeji asione ametukanwa. Wali, samaki wa kupaka, kachumbari na matunda ni karamu kamili. Kwenye futari za pamoja, sinia moja lenye mikono kumi iliyotoka kushika sambusa halimfai. Atengewe sahani yake kabla ya watu kukaa, bila kelele, kama tunavyomtengea mwenye kisukari chai yake.

Limebaki suala la fitri na vifurushi vya Ramadhani. Katika madhehebu yetu ya Shafi, fitri hutolewa katika chakula kikuu cha mji, na mchele na mahindi ni katika vyakula hivyo bila shaka. Nyumba isiyoingiza ngano itoe mchele na moyo wake utulie, Wallahu aalam. Lakini wanaogawa wanayo zaidi ya kufikiria. Kila mwaka kamati za misikiti hufunga vifurushi vya unga wa ngano, tambi, sukari, mafuta na tende, na kifurushi hicho kikifika kwa fukara mwenye mtoto wa seliaki, nusu yake haimfai, naye huona haya kusema. Twaziomba kamati zetu, kabla ya Shaaban kumalizika, zitenge magunia machache ya mchele na ya unga wa mahindi uliorutubishwa kwa ajili ya kubadilishia, na mgawaji aulize mlangoni, kwa upole na kwa sauti ya chini, kama nyumbani humo mna mtu asiyekula ngano. Mama yeyote anayependa tulifikishe jina lake kwa kamati ya mtaa wake bila kutangazwa, na aje baada ya darsa ya Jumatano, au amtume mtoto na kikaratasi.